Platine ya Lucien

Jumamosi ile soko la Kadutu lilikuwa matope matupu, na Joviale alikuwa ameshapotea mara mbili kati ya wauza viazi na wauza mitumba alipoiona. Ililala chini ya pasi mbili na birika la umeme, juu ya turubai la papa mmoja, mzee aliyeuza vitu vya okazio, vilivyokwisha kutumika. Platine, mashine ya kuzungusha diski za muziki. Siyo ile ya sanduku ya kupambia sebule, bali platine nzito ya DJ, yenye sahani ya chuma na alama ndogondogo pembeni.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, koti la mvua la manjano, na viatu vya ofisi visivyojua matope. Ofisi yenyewe haikuwapo tena. Shirika lililomwajiri lilifunga mwezi wa tatu, baada ya mji kutekwa na kupata wenyewe wapya, na tangu hapo siku zake zilikuwa ndefu na tupu. Tangu sekondari alikuwa akitazama kwenye simu vidole vya madijei vikirudisha diski nyuma na mbele mpaka sauti inakwaruza kama inataka kusema. Kila mara alijiambia kwamba iko siku. Sasa aliona kwamba katika mji huu anayengoja siku atazeeka nayo.

Papa muuzaji hakujua hata jina la kitu chenyewe. Joviale alipokuwa akiigeuza sahani kwa kidole, sauti ya mwanaume ikauliza nyuma yake kama wameshaijaribu kwenye kuran ya umeme.

Aliitwa Anaclet. Alikuwa mrefu, mkavu, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, na bisibisi mfukoni mahali wengine wanapoweka kalamu. Alikuwa fundi wa kituo kimoja kidogo cha redio huko Nyawera. Alipiga magoti kwenye matope bila kujali suruali, akaomba waya, akawasha.

"Weka kidole hapa pembeni, polepole," alimwambia Joviale. "Kama inasimama, iko na mukanda, haitakusaidia. Kama inasukuma kidole yako, motere iko chini yake yenyewe. Hiyo njo ya kukwaruza."

Sahani ilimsukuma kidole. Joviale akacheka kwa sauti, na muuza viazi wa jirani akageuka kumtazama. Anaclet naye alitabasamu, kisha akaipindua mashine kuangalia miguu yake, na kidole chake kikakwama kwenye mmoja.

Mguu mmoja ulikuwa wa bandia. Ulikuwa kizibo cha mpira cha chupa ya dawa, kimebandikwa kwa gundi. Anaclet ndiye aliyekibandika, miaka mitatu iliyopita, mezani kwa mama yake huko Panzi. Platine ilikuwa ya mdogo wake, Lucien, aliyepiga muziki kwenye harusi na sherehe za wanafunzi. Katika zile siku mbili za Februari ambapo mji ulibaki bila mwenyewe na watu wakavunja maduka na nyumba, waporaji walifika kwenye chumba cha kukodi, mbali na nyumbani, ambamo Lucien alihifadhi vyombo vyake. Lucien alikataa kufungua. Walimpiga risasi kupitia ubao wa mlango, wakamuua, wakabeba vyote.

Anaclet alimtazama muuzaji. Alikuwa mzee wa watu, mwenye kikohozi, na bila shaka naye alinunua kwa mwingine. Kudai kitu siku hizo kulikuwa sawa na kumtaja mwizi, na waliotajwa walikuwa na marafiki wenye bunduki. Tena alijua kwamba mama akiiona hataweza kulala. Basi alinyamaza. Joviale alipomuuliza kama ainunue, alimwambia ainunue, motere ni nzuri. Na alipomuuliza nani atamfungia sindano ya kusomea diski, kwa kuwa haikuwa nayo, alisema yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo alivyofika Muhumba, nyumbani kwa wazazi wa Joviale, Jumatano iliyofuata. Maman Micheline, mama yake Joviale, alimpa chai na kumtazama mikono, akaona ni mikono ya mtu wa kazi, akawaacha barazani na mlango wazi.

Anaclet alikuwa amepata sindano kuukuu kwenye makabati ya redio. Aliifunga kwenye mkono wa platine, akazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono ukaelea peke yake, haupandi wala haushuki. Kisha akaongeza kidogo ili sindano isiruke diski ikirudishwa nyuma. Akamwambia Joviale atafute kitambaa kizito. Joviale alileta koti la zamani la babu yake, akakata duara, na chini yake Anaclet akaweka plastiki nyembamba iliyokuwa ikifunika ripoti za lile shirika lililofungwa. Sasa sahani ingeweza kuzunguka huku diski imesimama chini ya mkono. Mwisho akaunganisha kisanduku kidogo cha kuchanganya sauti alichokuja nacho kutoka redioni, chenye kitasa cha kusukuma kulia na kushoto.

Diski zilikuwa tatu tu, zote za babu: mbili za kwaya ya mapadri kwa Kilatini, moja ya rumba. Joviale alichagua kwaya. Aliweka vidole, akavuta, na mapadri wakatoa mlio wa bata.

"Unaikandamiza," Anaclet alisema. "Iguse tu. Nyuma, mbele. Diski inajua njia, weye unaichelewesha."

"Na weye, nani anakuchelewesha? Mutu wa miaka makumi mbili na kenda, hata bibi hana."

"Nilikuwa nangoja mwenye kuniharibia kwaya."

Alirudi Ijumaa, akarudi Jumatatu. Umeme ulipokatika walikaa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga kwenye gazeti, wakizungumza. Mchana akiwa kazini alikuwa akimpigia simu, kumuuliza kama amefanya mazoezi, na Joviale alikuwa akiweka simu kwenye spika ili asikie. Kufikia mwezi wa saba Joviale alikuwa akimwita "chéri", mpenzi, bila kufikiri, naye Anaclet alimwita "roho yangu" kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa. Walitembea mpaka La Botte, kwenye rasi inayoingia ziwani, Joviale amevaa gauni la kitenge cha kijani na nywele zimesukwa upya, na hapo juu ya ziwa Anaclet alimshika mkono kwa mara ya kwanza. Joviale alimuuliza kwa nini macho yake yanakimbilia kwenye platine hata wanapozungumza. Alijibu kwamba ni ugonjwa wa mafundi.

Mara mbili alijaribu kumwambia. Mara ya kwanza Joviale alikuwa amefaulu kukwaruza neno moja mara nne mfululizo, akirukaruka kwa furaha, na Anaclet hakuweza. Mara ya pili alifungua kinywa, kisha akamuuliza habari za mvua.

Mwezi wa nane Joviale aliweka video ndogo kwenye WhatsApp: mikono yake, diski, na mkono wa platine, uliopakwa rangi ya kucha nyekundu. Yeye alidhani msichana fulani wa Ulaya aliupaka. Watu walicheka, wakasifu, wakasambaza. Video ilifika kwa Noëlla, binamu yake Anaclet, naye akamwonyesha shangazi yake, Maman Chantal, mama wa Anaclet na Lucien, kisha akamuulizia nyumba.

Maman Chantal alifika Muhumba Jumanne saa nne ya asubuhi, kwa miguu, amevaa nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni. Hakugomba. Aliomba tu kuona mashine. Alipoiona aligusa ile rangi nyekundu, akasema ilikuwa rangi yake, mwanawe aliiiba kwenye mkoba wake na yeye akamkemea. Kisha akasimulia kilichotokea Februari, huku Maman Micheline amejishika kifua.

Joviale alisema kwa shida kwamba aliinunua Kadutu, hakujua, hata fundi aliyeifunga angeweza kushuhudia. Akamtaja.

"Anaclet ni mutoto wangu wa kwanza," Maman Chantal alisema. Aliondoa mkono kwenye mashine. "Basi alijua. Miezi yote hii, alijua."

Aliondoka bila kuibeba. Alisema mikono yake haina nguvu.

Joviale alipiga simu mbele ya mama yake, hakungoja hata kukaa.

"Anaclet, siku ile sokoni, uliijua?"

Joviale alisikia bisibisi ikiwekwa mezani.

"Niliijua."

"Basi ulikuya juu yangu, ao juu ya platine?"

"Kwanza, juu ya platine," alisema. Hakutaka tena kudanganya. "Kisha juu yako. Joviale, nisikilize."

"Nilikuwa nachezea kifo ya ndugu yako, na weye unanipigia makofi."

Alikata. Anaclet alipopiga tena hakupokea, wala siku iliyofuata. Anaclet alikuja mpaka kwenye lango, na Maman Micheline mwenyewe alimwambia arudi. Wiki hiyohiyo redio ilimtuma Kalehe kutengeneza antena iliyoangushwa na upepo. Alipanda boti bila kumuaga mtu, na huko kazi ilipokwisha hakurudi. Alibaki akitengeneza redio za watu, akilala kwenye chumba cha parokia.

Siku kumi Joviale hakuigusa mashine. Siku ya kumi na moja aliifungua yote, akatoa sindano, akaifunga mashine kwenye shuka, akapanda pikipiki ya taksi-moto mpaka Panzi ameikumbatia.

Maman Chantal aliipokea, akaisukuma chini ya kitanda, akaifunika. Alisema hataki kuisikia, ila anataka ilale nyumbani. Kisha alimkalisha Joviale jikoni, akaendelea kuchambua maharage, na hapo, bila kuulizwa, akasema lile ambalo hakuna aliyekuwa amelisema.

Siku ile Lucien alipiga simu nyumbani mara tano. Aliomba kaka yake aje, kwa kuwa wawili wangeweza kuusukuma mlango usifunguliwe. Risasi zilikuwa zinalia mpaka Panzi. Anaclet alivaa viatu. Mama yake alifunga mlango kwa ufunguo, akauweka ufunguo kifuani, na Anaclet alipotaka kupita kwenye dirisha, yeye alijitupa chini akamshika miguu. Simu iliita mara ya tano, kisha haikuita tena.

"Hakunigombeza hata siku moja," alisema. "Ananiletea chakula, anailipa dawa yangu, lakini tangu siku ile hajaniangalia kwa macho. Kwako alikuwa anacheka. Noëlla aliniambia eti siku hizi anacheka. Sikuamini."

Joviale alilia juu ya maharage. Alikuwa bado na hasira, lakini sasa hasira haikuwa na mahali pa kukaa. Alitoka nje, akapiga simu Kalehe.

"Niko kwenu," alisema. "Kuya."

Alifika Jumapili kwa boti ya asubuhi, amekonda, ndevu zimeota. Joviale alimngoja uani. Walitazamana kama watu waliotoka kuugua. Anaclet aliomba msamaha kwa maneno machache, akasema alipomsikia akicheka pale sokoni ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari kusikia mtu akicheka karibu na kitu cha Lucien, na alitaka kusikia tena. Alijua ni vibaya. Kila siku alikusudia kusema, na kila siku ikawa kesho. Kisha akasema kwamba anataka kumuoa, kama bado anamtaka.

"Bado nakutaka," Joviale alisema. "Lakini sitakujibu leo. Mama yako iko ndani. Enda muzungumze kwanza."

"Tuzungumze nini?"

"Unajua nini."

Aliingia. Joviale alikaa kwenye ngazi na kusikia yote, kwa kuwa dirisha halikuwa na kioo.

"Maman, nilikuchukia," Anaclet alisema.

"Nilijua."

"Kama ungenifungulia..."

"Ningefunga tena," mama alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Hata leo ningefunga. Nilikuwa na batoto babili, na ile saa Mungu alinipa kuchagua mumoja. Unichukie, lakini uko muzima unanichukia."

Baadaye hakukuwa na maneno. Kulikuwa na kilio cha mwanaume mzima, na sauti ya mama ikimnyamazisha kwa Mashi, lugha yao, kama walivyonyamazishwa zamani wote wawili, yeye na Lucien. Anaclet alipotoka, macho mekundu, Joviale alimwambia ndiyo. Akaongeza kwamba asimfiche tena kitu, hata kama kinauma namna gani.

Walifunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, misa ndogo ya asubuhi. Joviale alivaa gauni jeupe la kuazima, mikono mirefu; Anaclet suti ya kijivu iliyombana mabegani. Maman Chantal alikuja na kitenge cha rangi ya kahawia, siyo nyeusi, akakaa mbele. Mwaka tangu kifo cha Lucien ulikuwa bado haujatimia, kwa hiyo hakuna aliyepiga muziki. Watu wa Muhumba walinong'ona kwamba ni harusi ya matanga: wali, samaki, maneno ya wazee, na saa kumi kila mtu anatafuta njia ya kwenda nyumbani kabla ya giza, kwa sababu mji ulikuwa hivyo.

Kwenye gari Anaclet alimuuliza mke wake kwa sauti ya chini kama imemuuma, kuolewa bila muziki. Joviale alisema imemuuma kidogo. Alisema hata vidole vyake vilikuwa vinajisogeza vyenyewe wakati wa kula.

Maman Chantal, aliyekaa mbele karibu na dereva, hakugeuka. Alitazama barabara, mashimo na maji ya mvua.

"Mwaka kesho," alisema. "Nitawaambia siku ya kuitoa chini ya kitanda."