Jumamosi za Eliezer

Mvua ya kwanza ilipoangukia soko la Area 36, huko Malawi, watu wote wenye akili walikimbia. Eliezer hakukimbia. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwaya na suruali iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali ya kisu, na kwa mikono miwili alishikilia turubai juu ya meza ya usipa, dagaa wakavu wa bibi mmoja Mmalawi ambaye hata jina hakumjua. Maji yalimwingilia kwenye kola yakamtokea viatuni.

Barazani kwa mshonaji, msichana wa Bukavu aitwaye Solange alisimamisha cherehani ili amtazame vizuri. Alivaa kitenge cha manjano na macho yake hayakuwa na huruma.

"Papa Nguzo!" aliita. "Balikulipa ngapi?"

"Hakuna, dada. Mi niko napita tu."

"Unapita na umesimama?"

"Basi ucheke polepole, turubai inatetemeka."

Mvua ilipokatika, bibi alisema zikomo, asante ya kwao, akamfungia Eliezer dagaa katika gazeti. Eliezer akamgawia Solange nusu. Hivyo ndivyo penzi hili tukufu lilivyoanza, likinuka samaki.

Eliezer, kijana wa Fizi, alikaa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akiuza sabuni na kuimba besi kanisani. Solange aliishi Area 47 kwa shangazi yake, Tantine Jeannette. Ulikuwa mwaka ambao redio zilitangaza kwamba waasi wameingia Goma, na kila Mkongomani alishinda na simu sikioni akitafuta habari za ndugu. Wawili hawa, wakishamaliza kuwatafuta ndugu, walitafutana.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula nsima."

"Ulinikumbuka?"

"Ilikuwa ya moto sana, sikupata nafasi."

Mambo yakaenda vizuri mpaka posa ikapangwa: Jumapili, wazee wa kanisa wangepiga hodi kwa Tantine. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Kila Jumamosi alasiri simu ya Eliezer ilizimwa, na kila Jumapili vidole vyake vilinukia mafuta ya nywele, yale ya wanawake. Naye Eliezer, ieleweke, alinyoa kichwa chote mpaka kikang'aa.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Solange akapiga simu.

"Eliezer, Jumamosi unaendaka wapi?"

"Kazi ya Bwana, sheri."

"Bwana njo anapaka mafuta ya nazi?"

Eliezer akaficha vidole mfukoni, kana kwamba simu ina macho.

"Uniambie. Kama hapana, hao bazee babaki kwao."

"Siwezi. Nikisema, haitakuwa tena sadaka."

"Basi uoe sadaka yako!" Simu ikakatwa.

Kesho yake Solange alivaa gauni jekundu, lile la ugomvi, akaenda Dzaleka. Alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, huku amekunja uso, akamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya.

"Eliezer wa besi? Iko kwa Mama Nahimana, nyuma ya kanisa."

"Huyo mama iko mrembo?"

"Siku ya Jumapili, sana."

Solange akasukuma mlango wa ua bila hodi.

Mama Nahimana, mjane wa Burundi mwenye miaka zaidi ya sabini, alikuwa ameketi mkekani, kichwa chake katikati ya magoti ya Eliezer. Nusu ya nywele zilikuwa zimesukwa. Nusu nyingine zilisimama kana kwamba zimesikia habari mbaya. Kwenye benchi, mama wengine wawili walisubiri zamu, kila mmoja na kitana chake.

Eliezer alitaka kusimama. "Ayii! Nywele!" Mama Nahimana akalia. Ikabidi akae, aibu yake yote mikononi.

"Nilijifunza kwa saluni ya mama yangu," alisema akitazama chini. "Mwanaume wa Fizi, Solange. Bantu batacheka."

Mama Nahimana aliinua vidole vyake, vimepinda kama tangawizi. "Binti yangu njo alikuwa ananisuka. Vita ilimbakisha njiani. Nikaacha kanisa. Niende mbele ya Mungu na kichwa kama kiota? Bashemasi balikuja, baliniombea. Huyu aliomba kitana."

Hasira ya Solange ilitafuta pa kuangukia, ikapakosa, ikamrudia Eliezer.

"Na mi? Nikeshe nalia ili we upate sadaka safi?"

"Yesu alisema mkono wa kushoto usijue."

"Hakusema mchumba asijue!"

"Amina," wakasema wa kwenye benchi.

Eliezer aliweka kitana chini. "Nilikosea," alisema. "Nisamehe. Utanicheka?"

"Mpaka uzeeke."

Solange alinawa mikono, akakunja gauni la ugomvi, akaketi upande wa pili na kuzishika zile nywele zilizosimama. "Sogeza goti, Papa."

Wakasuka. Eliezer alisuka mistari minene ya kwao Fizi. Solange alisuka myembamba, ya kimjini, akimkosoa mwenzake kila hatua.

"Basi kesho... bazee baje?" Eliezer aliuliza chini chini, juu ya kichwa cha mjane.

Solange alimaliza mstari mzima bila kujibu.

"Mtoto, jibu," Mama Nahimana akasema. "Shingo yangu inakauka."

"Baje."

"Na mi ninakuja. Hakuna mzee anamjua huyu kunishinda."

Kesho yake, wajumbe waliposimama sebuleni Area 47, Tantine Jeannette hakutazama tai zao wala Biblia zao. Alikitazama kichwa cha Mama Nahimana, mistari minene huku, myembamba kule, akauliza ni nani aliyemsuka namna hiyo.

"Batoto wetu," Mama Nahimana alijibu, akaketi bila kukaribishwa.