Kiuno cha Inchi Thelathini na Nne

Lifti ya jengo la mafundi cherehani ilikwama saa nne asubuhi, ngazi zikafurika watu na majora ya vitambaa. Fundi lifti alipoinama kufungua mlango, suruali yake ikapasuka nyuma, praa!

"Kaka, imefunguka lifti au umefunguka wewe?"

Aliyeuliza alikuwa fundi wa ghorofa ya tatu, gauni la samawati, futi shingoni kama mkufu. Akamrushia kitambaa ajisitiri. "Njoo nikupime. Mtu mzima hatembei na dirisha."

Futi ilipomzunguka kiuno, fundi lifti alikionea aibu kitambi chake. Akavuta tumbo ndani, akabana pumzi mpaka masikio yakamlia.

"Thelathini na nne!" Binti akaandika kwa chaki. "Hongera, una umbo."

Ukweli ulikuwa thelathini na saba. Lakini ile "hongera" ilikuwa tamu mno, akashindwa kuirudisha.

Suruali ikaja, nyeusi, imepigwa pasi ikanyooka. Kuifunga kishikizo ilimbidi alale chali. Hata hivyo aliivaa kila siku, juu yake mkanda mzito wa zana, maana kila siku alipita ghorofa ya tatu. Mwezi wa pili wakawa wapenzi. Mwezi wa tatu paja lake la kulia likaanza kuwaka: ganzi upande wa nje, kisha vichomi, kama limemwagiwa maji ya moto.

Jumapili moja, kwenye benchi la bustani, mpenzi wake akaweka mkono palepale. Akaruka.

"Nimekuunguza?"

"Hapana. Ni... basi tu."

"Basi tu?" Macho ya binti yakajaa machozi. "Mkono wangu umekuwa kaa la moto?"

Angesema nini? Kusema paja ni kusema suruali, na kusema suruali ni kusema tumbo. Wiki tatu aliacha simu ziite mpaka zikatike. Mwishowe ukaja ujumbe: "Kama una mwingine niambie. Sitakufa." Akausoma mara tano, uso ukimchoma kuliko paja.

Siku hiyohiyo akaenda kwa daktari, mama wa makamo, aliyemgusa paja kwa pamba, akapima nguvu za goti, kisha akatazama alama nyekundu kiunoni.

"Mguu una nguvu. Ila kuna mshipa wa fahamu unaopita hapa, karibu na mfupa wa nyonga, unaipa hisia ngozi ya paja. Umeukaba kwa suruali, kwa mkanda, na kwa hiki." Akakigusa kitambi. "Vaa nguo zinazopwaya, zana zibebe mabegani, tembea, upungue kidogo. Wengi hupona kwa wiki au miezi. Pasipotulia urudi, kuna dawa, hata sindano. Nani aliyekushonea? Alipima kwa macho?"

"Alipima vizuri, mama. Mimi ndiye niliyedanganya."

Akapanda ghorofa ya tatu kwa ngazi, amevaa suruali yake kuukuu yenye kiraka. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akaiweka ile nyeusi mezani.

"Nilivuta tumbo ndani."

"Lini?"

"Siku ya kwanza, mbele ya futi yako. Inanibana mshipa, paja linawaka. Sina mwingine. Nina kitambi."

"Wiki tatu nalowesha vitambaa vya watu kwa machozi," binti akasema polepole, "kumbe mke mwenzangu ni kitambi?"

Shangazi yake, kwenye cherehani ya pili, akacheka mpaka uzi ukakatika. Binti hakucheka. Alichukua futi.

"Pumua."

"Nimepumua."

"Pumua kama uko kwenu."

Tumbo likashuka lote, mbele ya jengo zima. Akafumba macho.

"Thelathini na nane."

"Imeongezeka?"

"Imeongezeka." Safari hii akaandika kwa kalamu.

"Nipime kila mwaka," fundi lifti akasema, macho bado amefumba. "Mpaka tuzeeke. Nioe... yaani, nikuoe."

"Kwa sharti moja. Ukiongeza inchi, uniambie kabla ya futi."

Shangazi akajifanya anatafuta uzi chini ya meza.

"Paja lipi?" binti akanong'ona.

"La kulia."

Mkono ukatua kushoto.