Kipimo cha Maji ya Kadhi

Ijumaa ile Kikuubo, uchochoro wa maduka wa Kampala, ilikuwa imefurika watu, na Raisa alikuwa akijipenyeza katikati yao ameikumbatia chupa ya maji kama mtoto mchanga. Alivaa abaya ya kijani na mtandio wa maua madogo, na macho yake yalikuwa juu, akisoma mabango ya maduka. Mtu anayetembea Kikuubo akiangalia juu amejitakia mwenyewe. Mpagazi mwenye gunia alimpiga kikumbo, kifuniko kikafyatuka, na maji yote yakaishia kifuani kwa kijana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe, tayari kwa swala ya Ijumaa.

“Samahani kaka, samahani sana,” Raisa alisema, akamfuta kwa ncha ya mtandio, kisha akakumbuka kwamba hamjui mtu huyu, akaacha.

Kijana aliinusa kanzu yake. “Hii maji iko na chumvi. Umetoa wapi?”

“Ni ya samaki wangu. Maji ya bahari.”

“Bahari gani hapa Kampala, nyabo?”

“Ya kutengeneza nyumbani. Lakini ni twahara, unaweza kuswali nayo.”

“Hiyo najua, mimi nilisoma madrasa kule Bombo. Nashangaa tu bahari imenifuata mpaka Kikuubo.”

Raisa alicheka, na kijana naye akacheka. Jina lake lilikuwa Nasif, Mnubi, na duka lake la mizani na vipimo lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Ndilo hasa duka ambalo Raisa alikuwa akilitafuta.

Alirudi alasiri, kanzu ya Nasif ikiwa imekauka na kubaki na ramani ya chumvi kifuani. Akamweleza shida yake. Marehemu baba yake alikuwa ameacha tangi la samaki wa baharini pale dukani kwao Old Kampala, chumba cha mbele cha nyumba yao, na samaki aliyebaki alikuwa mmoja tu, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Baba alimleta kutoka Mombasa miaka kumi na miwili iliyopita, ndani ya mfuko, akampakata kwenye basi usiku kucha. Wakamwita Kadhi, kwa sababu ya ule mstari wa kichwani unaofanana na kilemba. Sasa kipimo cha chumvi cha baba kilikuwa kimevunjika.

“Chumvi ikizidi anakufa, ikipungua anakufa,” Raisa alisema. “Na huyo ndiye baba aliyebaki nyumbani. Nipe kipimo kisichosema uongo.”

Nasif alipanga vitatu juu ya meza. “Hii ya mshale ni rahisi, lakini povu ndogo ikishika mshale, inadanganya. Hii kalamu ya umeme ni nzuri, lakini ukisahau kuisahihisha, nayo inadanganya.”

“Na hii?”

“Hii ni ya kuchungulia. Unaweka tone la maji kwenye kioo, unaangalia kwenye mwanga, unaona mstari. Maji ya bahari ni thelathini na tano. Kila wiki weka kwanza maji isiyo na chumvi, zungusha hii skrubu mpaka mstari ukae kwenye sifuri. Kisha pima maji ya samaki yako.”

“Maji ya bomba?”

“Ya mvua ni bora.”

“Na yenyewe haidanganyi?”

“Haidanganyi. Ikidanganya, njoo unishike mimi.”

Angejua, asingelisema neno hilo.

Kuanzia siku hiyo simu ya Raisa haikupumzika. Asubuhi Nasif aliuliza hali ya Kadhi, mchana hali ya Kadhi, na jioni hali ya Kadhi pamoja na mwenye Kadhi.

“Samaki yangu ameamkaje?”

“Tangu lini akawa wako? Na ni samaki *wangu*, ewe Mbombo.”

“Basi tugawane. Wewe chukua kichwa, mimi nitachukua wewe.”

Raisa alikata simu, akaikumbatia. Penzi ni kikohozi, halifichiki: mama yake, Bi Sabah, aliyekuwa nyuma ya kaunta akikunja vitenge, aliona, akaendelea kukunja.

Wiki ya tatu ndipo mambo yalipoanza kuvurugika. Raisa aliweka tone la maji ya mvua, akaurekebisha mstari, kisha akapima tangi. Thelathini. Akarudia. Thelathini tena.

“Nasif, mbona imeshuka? Sijaongeza maji.”

“Ulianza na maji ya mvua?”

“Nilianza nayo, kama ulivyonifundisha.”

“Basi amini kipimo. Ongeza chumvi kidogo kidogo, mpenzi.”

Aliongeza kidogo kidogo kwa siku tano mpaka kipimo kikasema thelathini na tano. Kipimo kikafurahi, Kadhi akalala ubavu. Hakugusa chakula, na mashavu yake yalipanda na kushuka haraka mno. Raisa alikaa mbele ya kioo bila kuelewa. Namba ilikuwa sawa, samaki hakuwa sawa, na mmoja kati yao alikuwa mwongo.

Alichukua maji kwenye chupa akampelekea rafiki yake Shamirah, anayefanya kazi kwenye maabara moja Kamwokya. Shamirah alipima mara mbili, akakunja uso.

“Arobaini, Raisa. Unamkausha huyo samaki. Punguza leo, taratibu.”

Hasira hasara, lakini nani aliyewahi kulikumbuka hilo akiwa na hasira? Raisa aliingia dukani kwa Nasif mbele ya wateja wanne, akakibwaga kipimo juu ya meza.

“Ulisema nikushike. Nimekuja. Umeniuzia kitu feki, ukaniita mpenzi juu yake. Kadhi anakufa, na wewe ndiye muuaji.”

“Raisa, ngoja nione kwanza...”

“Uone nini? Usinipigie tena.”

Alitoka. Wateja nao wakatoka mmoja mmoja. Nasif alichukua maji safi ya dukani, akadondosha tone, akachungulia. Mstari ulikuwa umekaa chini ya sifuri, karibu hatua tano. Nani aliyezungusha skrubu vibaya hivi? Yeye alikuwa amempa kipimo kikiwa sawa. Ama Raisa amekichezea, ama yeye Nasif hajui kazi yake. Alipiga simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Alilia kidogo nyuma ya mizani ya magunia, na si aibu kulisema.

Bi Sabah ndiye aliyechoshwa na kimya. Kwa siku tatu binti yake alikuwa akipunguza chumvi kwenye tangi huku akiongeza yake kwa machozi. Alisoma namba ya simu kwenye boksi la kipimo, akapiga.

“Mwanangu, kwetu mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa. Jumapili baada ya alasiri uje, unywe chai, useme lako.”

Nasif alikuja na kipimo mfukoni, ameshakirudisha kwenye sifuri, kavaa kanzu ileile, ramani ya chumvi imefuliwa lakini bado inaonekana ukiijua. Raisa, mwenye dera la zambarau na macho mekundu, alijibu salamu yake kwa kidevu. Kadhi alikuwa ndani ya tangi, wima lakini mnyonge.

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, kwa hiyo Bi Sabah alipika chai kwa maji ya mvua. Akammiminia mgeni kikombe kilichojaa, akaenda kuchukua mandazi. Nasif alionja. Macho yakamtoka kidogo. Akamtazama Raisa. Raisa akatazama ukuta.

Nasif akanywa chai yote.

“Nikuongeze, mwanangu?” Bi Sabah aliuliza aliporudi.

“Kale, sawa mama. Niongeze.”

Akanywa na cha pili mpaka kwenye majani, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Ndipo Raisa, kwa kutafuta tu pa kuweka mikono yake, akachukua kikombe chake na kupiga funda. Alilitema palepale.

“Mama, hii chai ina chumvi!”

“Chumvi itoke wapi? Ni maji ya mvua, ya jerikeni yenye kitambaa cheupe.”

Raisa alisimama. Nyumba ile, kama nyumba nyingi, ilikuwa na jerikeni za njano zinazofanana kama pacha, na kilichozitofautisha ni vitambaa vilivyofungwa kwenye vishikio vyake. Cheupe, maji ya mvua. Chekundu, maji ya tangi, mahali Raisa alipokoroga chumvi ya Kadhi.

“Mama, ulivigusa vile vitambaa?”

“Nilivifua wiki mbili zilizopita, kabla ya hitima ya mwaka ya baba yako. Vilikuwa vichafu, wageni wanakuja. Nikavirudisha.” Bi Sabah alitazama mlango wa uani. “Nilivirudisha... popote. Kitambaa si kitambaa?”

Nasif alikuwa ameshakwenda ua wa nyuma, nao wakamfuata. Alidondosha tone la maji ya jerikeni ile, akachungulia kwenye mwanga. “Tano. Ilibaki maji ya chumvi chini, ukajaza mvua juu. Ukasema hii ndiyo sifuri.” Akashusha kipimo. “Lakini kosa ni yangu pia. Kuna chupa ndogo ya maji ya thelathini na tano kamili, ndiyo ya kukagulia. Iko dukani mpaka leo. Nilifurahi sana siku ile, nikasahau kukupa.”

Raisa alimwangalia mtu aliyemwita muuaji mbele ya wateja wanne, na aibu ikamchoma.

“Vikombe viwili, Nasif. Kwa nini hukusema?”

“Nilidhani umenitilia makusudi. Nikasema, wacha ninywe yote. Labda hasira yako ikiisha, utasikia mimi.”

“Na ungepewa cha tatu?”

“Ningekunywa. Nakupenda, nyabo. Ningekunywa jerikeni.”

Bi Sabah alikumbuka ghafla kwamba mandazi yanaungua, ingawa yalikuwa mezani.

Raisa alipiga magoti, akazimwaga jerikeni zote mbili, akazisuuza, akafunga kitambaa chekundu na cheupe kila kimoja mahali pake. Kisha akavuta jerikeni ya tatu, tupu, akachana upindo wa mtandio wake wa maua madogo, akaufunga kwenye kishikio chake mafundo mawili.

“Hii ni ya nini?” Nasif aliuliza.

“Ya chai yako,” Raisa alisema, bila kuinua macho. “Waambie wazee wako wa Bombo waje kabla mama hajafua tena.”