Debe la Dungu la Nne

Debe liligongwa shambani. Mapigo matatu ya haraka, kimya kidogo, kisha pigo moja zito. Natalia alifumbua macho gizani, akasikiliza mpaka mwangwi ulipopotea kwenye mkonge. Yalikuwa mapigo ya mumewe, Wenceslaus, na kijiji kizima cha Tindiga hakuna mwingine aliyekuwa na mapigo hayo. Sasa kasheshe ni kwamba Wenceslaus alikuwa amelala pale pale kitandani, ubavuni mwake, zamu yake ya kulinda ikiwa bado saa mbili mbele.

"Baba Raheli," alinong'ona. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nani anagonga debe lako?"

"Sijui," alisema Wenceslaus, wala hakunyanyua kichwa. Alibaki amelala chali, macho wazi, akitazama bati.

Hapa lazima nikueleze habari ya nguruwe, la sivyo utaniona mwongo. Watu wa mjini hudhani adui wa mkulima ni jua. Jua lina huruma zake. Nguruwe pori hana. Kundi moja likiingia kwenye mahindi yaliyoshika maziwa, asubuhi unakuta ekari nzima imelala, na mabua yametafunwa katikati kwa dharau tu. Miaka ile shamba kubwa la mkonge lilikuwa limekufa, wenyewe wameondoka, mitambo imeng'olewa, na mkonge umegeuka pori. Wanakijiji walijikatia mashamba pembeni yake. Nguruwe nao walijikatia makao ndani yake, na usiku walitoka kuja kula.

Ndiyo maana watu walijenga madungu manne, vichanja virefu vya miti vya kulindia, kwa mstari kutoka mtoni hadi ukingoni mwa mkonge. La kwanza lilikuwa la Mzee Lukasi, mwenyeji wa tangu zamani na kiongozi wa walinzi. La pili na la tatu yalikuwa ya Kasiani na nduguye. La nne, lililopakana na mkonge, lilikuwa la Wenceslaus, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na gobore, alilorithi kwa baba yake aliyekuja kutoka Songea kukata mkonge. Kila usiku zamu ilipoanza, Mzee Lukasi aligonga debe lake, wa pili akapokea, wa tatu, hadi wa nne. Debe likigongwa mfululizo, nguruwe wameingia: watu wanashuka na mikuki, mbwa na tochi, wanazunguka shamba, na Wenceslaus anawangoja kwenye njia yao ya kurudi. Debe likinyamaza, mwenzenu kapatwa, mnakimbia kwake.

Na kila mtu alikuwa na mapigo yake. Hayo hayaguswi. Mapigo ya mtu hayapigwi na mkewe wala mwanawe wala rafiki yake. Yanapigwa na mwingine siku moja tu, siku ya kumzika: wenzake wanasimama kaburini, wanaligonga debe lake kwa mara ya mwisho, kisha wanalitoboa kwa msumari. Hapo mtu kafungwa, katoka zamuni.

Natalia hakulijua hilo. Yeye alikulia Mikumi, mama yake akiwapikia madereva wa malori, na huko nguruwe waliwaona kwenye sahani. Aliyejua ni Wenceslaus. Lakini Wenceslaus alikuwa fundi wa karakana ya reli, akapunguzwa kazi kwa barua ya mistari minne, na tangu siku hiyo jembe lilimkaa vibaya mkononi. Siku chache kabla ya usiku ule, aliposikia kuna tajiri wa malori Mikumi anatafuta fundi, hakungoja. Shida ilikuwa ni msimu wa mahindi kushika maziwa, na sheria ya walinzi ilikuwa moja: dungu lisilo na mtu wake linatolewa kwenye mstari, na shamba lake halisaidiwi tena.

"Siku mbili tu," alimwambia mkewe. "Panda wewe dunguni. Ukisikia Kasiani na nduguye wamemaliza, gonga langu. Tatu, halafu moja."

"Wakinitambua je?"

"Watakutambuaje? Debe halina sura."

Basi Natalia akapanda, akagonga. Usiku wa kwanza ulipita salama. Usiku wa pili, mara tu alipoliacha lile pigo zito, alisikia kitu kinahema chini ya dungu. Kilihema taratibu, kama mgeni aliyefika na kukaa. Kisha ikaja harufu ya mkonge unaooza, ile harufu iliyokuwa ikitoka kiwandani enzi za kazi, nacho kiwanda kilikuwa hakijasaga jani miaka mingi. Alimulika tochi. Kulikuwa na mahindi tu, na mahindi yalikuwa yametulia. Alijiambia ni woga wake.

Wenceslaus alirudi siku ya tatu. Kazi ilikuwa imepata mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, Natalia akammiminia chai iliyotoka kuchemka, naye akaipiga yote bila kupuliza. Ngozi ya mdomo wa chini ilivimba ikawa nyeupe.

"Hujaungua?"

"Nimeungua?" aliuliza Wenceslaus, akauweka mkebe chini.

Tangu hapo ndipo debe lilipoanza kujigonga, naye Wenceslaus hakupanda tena dunguni. Asubuhi baada ya ule usiku nilioanza nao, Mzee Lukasi alikuja mbio kuwaita. Katikati ya mahindi yao alikuwepo nguruwe dume, mkubwa, amekaa kitako kama mbwa, macho wazi, amekufa. Hakuwa na jeraha hata la mwiba.

"Huyu umemuua kwa kitu gani, kijana wangu?" Mzee Lukasi aliuliza. "Mlio wa gobore hatukuusikia."

"Sijui, mzee," Wenceslaus alijibu.

Walimpasua, damu haikutoka. Mbwa walinusa nyama wakarudi nyuma. Watu walichukua hivyo hivyo, nyama ni nyama, wale wasiokula nguruwe wakawaachia wenzao kama kawaida, lakini jioni kila mpishi alilalamika kwamba chumvi imekwisha nguvu. Kesho yake alipatikana mwingine, keshokutwa wawili. Mashamba ya watu wengine yakaliwa, la Wenceslaus halikuguswa bua. Wakamsifu. Wakamwita bingwa wa porini. Natalia aliwasikiliza lakini hakumsifu, maana yeye ndiye aliyekuwa analala na huyo bingwa.

Mume aliyemjua alikuwa mtu wa maneno. Alibishana na redio, alibishana na kuku. Huyu aliyerudi alikuwa hana ubishi. Ukimwambia kula, anakula. Usipomwambia, anakaa na njaa yake mpaka magoti yanatetemeka. Barua ya binti yao ilipofika kutoka shule ya bweni Kilosa, kwamba Raheli ameshika namba moja darasani, Wenceslaus aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akasema, "Sawa." Natalia alilia usiku ule kuliko alivyolia alipomzika mama yake. Mumewe alimtazama analia, kwa utulivu, akiwa na macho ya mtu anayengoja mvua iishe.

Kilichomtoa Natalia nyumbani ni harufu ya nyama. Alikuwa nje anapepeta, akasikia harufu ya kuungua jikoni, akaingia akamkuta mumewe amechuchumaa, kiganja cha kulia amekiweka juu ya jiwe la moto na kinatoa moshi. Alimvuta kwa nguvu mpaka wote wakaanguka.

"Nilikuwa sijui mkono uko pale," Wenceslaus alisema.

Natalia alikwenda kwa Mzee Lukasi akamwambia yote. Mzee alisikiliza huku anachokonoa ardhi kwa fimbo. Natalia alipomaliza, mzee akamweleza habari ya mapigo, ya kaburini na ya msumari.

"Mwanangu," alisema, "umemzika mumeo akiwa hai. Na kiti kitupu hakikosi mkaaji."

"Nisamehe, mzee. Sikujua."

"Mwenzako alijua. Nenda Dumila kwa Bi Yusrah. Mimi hapa nimefika mwisho."

Bi Yusrah alikuwa anauza vitunguu njia panda ya Dumila, na ukimwona anavyogombana na makondakta usingedhani majini wanamwogopa. Natalia alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaambiwa akae nyuma ya magunia. Bibi alimsikiliza bila kuacha kuchambua vitunguu.

"Mumeo hana jini," alisema mwishowe. "Msimpige wala msimfukize, mtamwonea. Jini amekaa dunguni, kwenye nafasi yake. Mumeo ndiye aliyetolewa, yuko nje anazurura, mwili umebaki kama nyumba isiyo na mtu."

"Atarudije, bibi?"

"Apande mwenyewe. Zamu ikimfikia, apige mapigo yake kabla yule hajamaliza kuyapiga. Asifundishwe. Ukimfundisha, ukimshika mkono, hata ukiguna kwa hesabu, umempigia wewe, na mtu akifungwa mara ya pili hafunguki."

"Basi nitamsindikiza."

Bi Yusrah aliacha vitunguu. "Asiwepo mtu karibu. Akifukuzwa alipokaa, yule hutafuta nafasi ya mtu aliye jirani, akamtoa. Wewe kaa nyumbani, funga mlango."

"Bibi, huyu haendi peke yake. Ukimwacha njiani anasimama njiani."

"Basi umenisikia," alisema Bi Yusrah, akapokea wateja.

Usiku ule Natalia alimshika mumewe mkono wa kushoto, ule mzima, wakavuka mahindi. Mkono ulikuwa wa baridi, na yeye mwenyewe alikuwa ameshachoka kuogopa. Alitembea tu kama mtu anayepeleka mzigo sokoni. Walipofika alimwambia apande, akapanda. Alimpa kijiti cha kugongea, akakipokea. Yeye akakaa chini, mgongo kwenye nguzo, akazima tochi.

Mzee Lukasi aligonga kule mtoni. Kasiani akapokea, na nduguye akapokea. Zamu ikafika dungu la nne, na juu kukawa kimya.

Ndipo harufu ilipokuja, na haikuja kwa upepo, ilipanda kutoka ardhini kama maji ya mafuriko, mkonge uliooza na matope na kitu kingine kitamu kinachokaba koo, na pamoja na harufu Natalia akaona mahindi yanafunguka pande zote bila sauti na nguruwe wanatoka, mmoja mmoja, madume na majike na vitoto vyao, wazima kabisa, wasiguse hata bua, wakaja mpaka hatua tatu kutoka miguuni pake wakakaa kitako duara zima, wakainua pua zao kuelekea dunguni, wakatulia, na katika kutulia kule akasikia kwenye nguzo ile ile aliyoiegemea, upande wa pili, ngumi ya mtu inagonga mti. Moja.

Juu, Wenceslaus hakusogea.

"Nipige nini?" aliuliza, sauti yake tupu. "Mama Raheli. Nimesahau. Nipige nini?"

Natalia alikuwa na jibu kwenye ulimi. Maneno mawili tu, tatu na moja, maneno ambayo hata kitoto kingeyasema, nayo yalimjaa kinywani yakataka kutoka yenyewe, kwa sababu alikuwa amemkosa mume huyu majuma mengi, amemkosa akiwa naye chumba kimoja, na sasa alikuwa anamwomba, na ngumi nyuma ya nguzo ikagonga ya pili, polepole, kama inamcheka, na nguruwe wote wakafumba macho kwa pamoja, na Natalia akaona hataweza kunyamaza, hataweza, akaingiza mkono wake kinywani akauma chini ya kidole gumba, akauma kwa nguvu zote za taya, meno yakapita ngozi yakafika kunako mfupa, na maumivu yalipompanda mpaka utosini akatoa mlio, wala haukuwa neno, ulikuwa mlio wa mnyama aliyekamatwa.

Juu kijiti kilianguka kwenye mbao kikaokotwa.

"Natalia?" Wenceslaus alisema. Tangu arudi alikuwa hajalitaja jina hilo. "Natalia, nani anakuumiza?"

Na akagonga. Tatu za haraka, moja nzito. Debe lililia mpaka mtoni. Ngumi ya nyuma ya nguzo ilikuwa imebakiza mapigo mawili.

Nguruwe walipiga kelele wote kwa mara moja, wakatawanyika, wakavunja mahindi huku na huku wakikimbilia mkonge, na kule mbali mbwa walianza kubweka. Mzee Lukasi aligonga, akapokewa, akapokewa. Harufu ilikatika. Kitu baridi kilipita usoni pa Natalia, kidogo tu, kama mtu kafungua mlango na kuufunga.

"Inauma," Wenceslaus alisema huko juu. Alikuwa analia. "Mama Raheli, kiganja kinaniuma, mdomo unaniuma, Mungu wangu, kila mahali panauma."

Alishuka kwa kuteleza, akaanguka, akainuka, akamkumbatia mkewe huku anacheka na kulia, na maneno yakamtoka mfululizo: namba moja darasani, umeona mtoto yule, kesho tumwandikie, kesho tumpelekee hata sukari. Alinuka jasho lake la zamani. Natalia alisimama ndani ya mikono ile. Alijua kwamba amefurahi, kama vile mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Wenceslaus aliwasha tochi. Mwanga ukaangukia mkono wa mkewe, kidole gumba kikining'inia pembeni, damu ikichuruzika hadi kwenye kiwiko na kudondoka.

"Maskini, umejifanyaje? Twende haraka nikufunge. Unauma sana?"

Natalia aliuinua mkono karibu na mwanga, akautazama, akaukunja na kuukunjua.

"Hauumi," alisema.

Wenceslaus akaacha kucheka.