Kitaa cha Mafuta

Haya yalimpata Nathanaël, rafiki yangu, dereva wa Kasongo. Alikuwa anakwenda Kabambare kuchukua mpunga, lakini taa nyekundu ya mafuta ya moteri ya lori lake ikakataa kuzimika. Fundi wake Magloire, baba wa ubatizo wa mutoto wake, akacheka.

“Inadanganya, ndugu. Mafuta nimetia mwenyewe, haki ya mutoto wetu.”

Akakichomoa kile kitaa, akakitumbukiza katika mfuko wa shati la Nathanaël.

Njiani, karibu na Wamaza, wingu la mvua likatia giza porini. Moteri ikagonga, ngo, ngo, ngo, ikakwaruza, ikafa. Nathanaël akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Kikavu, hata tone hakuna.

“Ameniapia kwa mutoto,” akanong’ona.

Giza likazidi. Akaona mikono yake ni myekundu. Kifuani, ndani ya mfuko, kitaa kilikuwa kinawaka.