Kibuyu cha Cucu na Samaki wa Ruiru

Kila Jumamosi, mwaka huo wa 1959, Ngendo alipanda gari la moshi kutoka Thika hadi Ruiru kumpelekea shangazi yake uji. Aliubeba kwa kibuyu cha nyanya yake, Cucu, ambacho Cucu alipewa na mama yake siku alipoolewa. Wakati wa kurudi kibuyu kilikuwa kitupu, na Ngendo hakuwa na haraka. Aliteremka mtoni, chini ya mashamba ya kahawa, akaketi juu ya jiwe na kuota ndoto huku macho yakiwa wazi. Maji yalinong'ona yakipita, naye akajiuliza kama mto nao hulala.

Jumamosi moja aliinua jiwe dogo. Chini yake alikuwepo kambare mdogo, hazidi kidole gumba, ameng'ang'ania mwamba. Alikuwa na sharubu sita na mshipi wa manjano mkiani. Ngendo hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo. Akamchota kwa kibuyu.

Lo, kosa gani hilo! Nyumbani kwao Makongeni, huko Thika, samaki hakuliwa. Kwa Cucu, samaki ni ndugu wa nyoka, na chombo kilichomgusa hakirudi jikoni. Ngendo aliyajua hayo vizuri. Ndiyo maana, alipofika, alimhamishia samaki kwenye mkebe, akakisugua kibuyu kwa majivu na kukirudisha mahali pake kimya kimya.

Mkebe akampelekea jirani yao, Mzee Jeconia, mtu wa kutoka ziwani aliyefanya kazi katika ofisi ya samaki. Mzee alimpima samaki kwa rula, akamtazama kwa lenzi, akafungua vitabu vyake vyote.

"Ngendo, mshipi huu haumo kitabuni. Huenda kambare huyu hajaandikwa na mtu yeyote duniani! Umemtoa wapi?"

Cucu alikuwa karibu, akichambua maharagwe. Ngendo angetaja Ruiru, angeulizwa alimbeba kwa chombo gani, maana huko alienda na kibuyu tu.

"Mto Chania," akasema. "Chini ya maporomoko."

"Basi nitawatafuta wenzake. Mmoja hatoshi, wakubwa watasema ni kilema tu. Tena lazima niandike kwao hasa ni wapi. Nina wiki moja, halafu nahamishwa Kisumu."

Siku nne Mzee Jeconia alisimama ndani ya maji baridi ya Chania, akageuza mawe mpaka kucha zikavunjika. Hakupata kitu ila kikohozi. Darasani, Ngendo alimwona samaki akiogelea ubaoni, katikati ya hesabu, akimuuliza, "Kwetu ni wapi?" Alijisikia vibaya mno.

Siku ya tano, Ijumaa, alimkuta Mzee akikunja nyavu zake.

"Nimeshindwa, binti yangu," alisema, akikohoa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Ngendo ilikuwa imefika mwisho. Alikimbia jikoni akilia.

"Cucu, samaki yule alitoka Ruiru. Nilimbeba kwa kibuyu chako."

"Haiya! Kibuyu cha mama yangu? Na wiki nzima nimekunywa uji humo?"

"Ndiyo, Cucu. Nisamehe."

Cucu alikishusha kibuyu, akakipapasa polepole, na chozi likamdondoka. Kisha akakitia mikononi mwa Ngendo.

"Kibuyu kimeshaharibika, lakini kazi ya mtu huyu bado. Nenda ukamwambie. Kesho umpeleke Ruiru, na hao samaki muwabebe humu humu."

Asubuhi chini ya mashamba ya kahawa waliinua mawe taratibu. Walipata saba, wote na mishipi ya manjano. Mzee Jeconia alicheka kama mtoto. Kwenye karatasi ya chupa ya kuwahifadhia aliandika: "Mto Ruiru. Amepatikana na Ngendo, mwanafunzi."

"Ungenyamaza," alimwambia, "watu wangemtafuta Chania hata wewe ukiwa ajuza, na wasimpate."

Miezi minane baadaye ilikuja barua kutoka Kisumu. Wataalamu walikuwa wamekubali kwamba kambare huyo ni mpya kabisa, nao wamempa jina. Ngendo aliisoma mara mbili kwa sauti.

"Sasa ana jina," Cucu alisema, "lakini jikoni kwangu haingii!"

Wote wakacheka. Ngendo akakitazama kibuyu, ambacho sasa kilitundikwa nje ya mlango, kitupu.

"Bado unakihuzunikia, Cucu?"

"Nakihuzunikia, mtoto wangu. Lakini sikiliza. Vibuyu huota shambani kila mwaka. Ukweli hauoti popote, lazima mtu autoe kinywani mwake mwenyewe, hata ukiwa mchungu. Wewe uliutoa."