Prosesa Iliyonyamaza

Kila alasiri, Chiriku akirudi shuleni, alivua sare, akaosha vyombo, kisha akavuta kigoda hadi kwenye meza ya mama yake. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake aliandika programu za kompyuta katika hospitali ya mji, na tangu baba alipofariki mzigo wote wa nyumba ulikuwa mabegani mwake.

Chiriku aliielewa kazi hiyo. Hospitali ilikuwa na kompyuta moja kubwa ambayo, kwa ujanja wa programu, ilijigawa ikawa kama kompyuta kadhaa: moja ya maabara, nyingine ya duka la dawa, nyingine ya benki ya damu. Ndani yake mlikuwa na prosesa nyingi, ndizo bongo zinazofanya kazi. Umeme ukikatika, mashine ilibaki na betri tu. Hapo baadhi ya prosesa zililazimika kulazwa ili betri isiishe upesi, kisha ziamshwe umeme ukirudi. Mama alikuwa akiandika programu ya kuzilaza na kuziamsha.

"Prosesa haizimwi kama taa," alimweleza. "Kwanza inamkabidhi mwenzake kazi iliyo mikononi. Kisha inajibu kwamba imemaliza. Hapo ndipo unaikata."

Jumamosi moja, programu ikiwa katika majaribio nyumbani, mama aliitwa kazini ghafla. Alimwomba Chiriku akae mbele ya skrini, na akiona prosesa yoyote isiyojibu amweleze.

Chiriku alikaa. Nje wenzake waliruka kamba, vicheko vikamfikia dirishani. Mara prosesa moja ikaambiwa ilale, ikanyamaza. Programu ilingoja kidogo, ikaikata hivyohivyo, ikaendelea na nyingine. Chiriku aliona waziwazi. Alijua pia kwamba akisema, majaribio yataanza upya naye atashinda ndani. Akajiambia huenda macho yamemdanganya, akatoka kucheza. Mama aliporudi akiwa hoi na kumuuliza, alijibu, "Zote zimejibu, mama."

Programu ikawekwa hospitalini. Kwa muda mambo yalikwenda shwari, na Chiriku akasahau.

Kisha, mchana mmoja wa mvua kubwa, msumeno ulimteleza jirani yao seremala, ukamchana mkono wa kulia. Alifikishwa hospitali akivuja damu. Alipokuwa akiandaliwa kwa upasuaji, umeme ulikatika mji mzima. Programu ilianza kulaza prosesa. Moja ilikuwa imeshika kazi ya benki ya damu. Ilikatwa kabla haijaikabidhi, na kompyuta ya benki ya damu ikaganda. Wahudumu walilazimika kupekua majokofu kwa mkono na kupima damu upya, mfuko baada ya mfuko. Damu ilichelewa kumfikia seremala, ingawa alinusurika. Mkono wake ulikatwa juu ya kiwiko.

Mama alirudi akaketi bila kuvua viatu vilivyolowa. Alisimulia yote kwa sauti ya chini. Daktari alisema huenda mkono ungekatwa tu, na huenda usingekatwa, hakuna atakayejua. Mama alirudia kwamba haelewi kosa liko wapi, maana majaribio yote yalikuwa sawa.

Chiriku alivuta kigoda akaketi mbele yake.

"Moja haikujibu, mama," alisema. "Ile Jumamosi. Niliiona."

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alifungua kompyuta, akamtaka aeleze kila alichokiona. Kwa maelezo hayo alilipata kosa: programu ilihesabu kila prosesa iliyonyamaza kuwa imelala, kumbe nyingine ilikuwa bado inahangaika na kazi. Akairekebisha: isiyojibu iachwe macho, na fundi aitwe. Safari hii alisimamia majaribio mwenyewe mpaka mwisho.

Kesho yake alikwenda kwa wakuu wa hospitali akasema kosa ni lake, kwani alimwachia mtoto kazi ya mtu mzima. Walimpa onyo kali na kumwondoa katika kazi ile. Seremala alipotoka hospitali na kidonda kupona, jioni moja mama alimshika Chiriku mkono wakaenda kwake.

Chiriku alieleza akilia. Mke wa seremala aliinuka akaingia ndani. Seremala alibaki kwenye benchi lake, shati limefungwa fundo pale mkono ulipoishia.

"Sitakwambia si kitu," alisema hatimaye. "Ni kitu. Lakini umesema, na mama yako amerekebisha, kwa hiyo hayatamkuta mwingine. Shika hili, mwanangu: mtu akikuamini akakupa kazi, ukimya wako nao ni jibu. Ukinyamaza, umemwambia mambo ni sawa."

Kisha akavuta ubao mrefu, akaushika msumeno wa mkono kwa mkono wa kushoto, mkono ambao bado ulikuwa mgeni wa kazi. Akamwambia Chiriku ashike ncha ya pili ya ubao.

"Ukichoka, sema," alimwambia. "Usiachie tu."

Chiriku alishika. Msumeno ulianza kwenda, polepole na kwa kupindapinda. Mikono ilipoanza kumtetemeka, alisema, "Nimechoka, baba." Seremala akasimamisha msumeno, wakapumzika, kisha wakaendelea.